Mdogo wangu anataka kubatizwa na Mashahidi wa Yehova: waliotoka niwaamini?

Swali. Shikamoo mwalimu. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 26. Tumelelewa Walutheri, na mama yetu ni mzee wa kanisa. Tangu mwaka jana anajifunza Biblia na Mashahidi wa Yehova, na sasa ameniambia atabatizwa kwenye mkusanyiko ujao. Binamu yetu amenitumia video nyingi za watu waliotoka huko, wa Marekani na wa Kenya, wakieleza mambo ya kutisha. Wengine wanasema hawaruhusiwi kumsalimia hata mzazi, wengine wanasema ile ni Frimasoni. Nilipomwonyesha mdogo wangu video moja alikataa hata kuishika simu, akasema hao ni waasi-imani. Sijui nimwamini nani. Maneno ya watu waliotoka yana uzito gani? Na nimwambie nini kabla hajaingia majini? (Dada mtu, Dodoma)

Jibu. Marahaba, binti yangu. Waliotoka waamini wanapokueleza walivyoishi. Wanapokueleza nia zilizokuwa mioyoni mwa viongozi wao, au wanapokutabiria mdogo wako atakuwa mtu wa namna gani, punguza. Mpangaji aliyekaa miaka ishirini kwenye nyumba anajua mlango upi unakwama na maji hukatika saa ngapi, na hapo usibishane naye. Moyo wa mwenye nyumba hakuujua kuliko wewe.

Nimefundisha sosholojia ya dini kwa muda mrefu, na nimekaa na Mashahidi wa Yehova wa pande zote mbili: waliobaki na waliotoka. Wasomi wenyewe hawajakubaliana juu ya swali lako. Bryan Wilson wa Oxford, aliyetumia maisha yake kuchunguza madhehebu ya namna hii, aliutilia shaka sana ushuhuda wa aliyetoka, maana mtu huyo ana haja ya kujitetea: kwa nini alikaa ndani miaka yote ile? Hoja hiyo ina nguvu. Lakini aliyebaki naye ana haja ya kujitetea, na ana wazee wanaomtazama. Kwa hiyo mimi siulizi kwanza kama msemaji yuko ndani au nje. Maneno yake nayapeleka kwenye maandishi ya dini yenyewe.

Kwa Mashahidi jambo hilo linawezekana sana, kwa sababu wameandika mno. Gazeti lao, Mnara wa Mlinzi, linachapishwa tangu 1879, na kila toleo lina tarehe yake. Bwana mmoja aliyewahi kuwa mzee wa kutaniko alinijia na mfuko umejaa magazeti hayo. Nilifungua moja. Kila aya ilikuwa imepigiwa mstari kwa penseli na rula, na pembeni kuna jibu fupi kwa mwandiko mdogo uliopangika. Chini ya ukurasa maswali yamechapwa, namba ya swali ikifuata namba ya aya. Siku ya mkutano ndugu anayeongoza funzo anauliza, mkono unanyooka, jibu linatoka kwenye ule mstari wa penseli. “Miaka kumi na tisa,” akaniambia, “sikuwahi kuuliza swali ambalo halikuchapwa.” Hakulisema kwa hasira. Alikuwa akipitisha kidole juu ya mistari yake, na niliona bado anaionea fahari kazi ile. Ushuhuda wa namna hiyo ndio ninaouamini: mtu anakuonyesha kitu, na anakiri kwamba alikipenda.

Tujaribu kipimo hicho kwenye tarehe, maana najua video zile zimezitaja. Charles Taze Russell, aliyeanzisha harakati hizi kule Pittsburgh, alifundisha kwamba 1914 ingekuwa mwisho wa serikali za wanadamu. Mwaka ulipopita serikali zikabaki, na baadaye mafundisho yakawa kwamba Kristo alianza kutawala mbinguni mwaka huo bila kuonekana. Aliyemfuata, Joseph Rutherford, alitangaza kwamba 1925 Ibrahimu, Isaka na Yakobo wangefufuka wawe wakuu duniani. Hawakuja. Miaka minne baadaye ilijengwa nyumba San Diego iliyoitwa Beth Sarim, ikaandikishwa kwa hati kwamba inawasubiri watu wa kale wa Biblia, kama Daudi. Rutherford alikaa humo hadi kifo chake 1942, na ikauzwa 1948. Kisha kuanzia 1966 vitabu vyao vikaeleza kwamba miaka 6,000 tangu kuumbwa kwa Adamu ingetimia 1975. Mwaka 1974 karatasi ya kila mwezi ya wahubiri (ndivyo wanavyowaita waumini wanaohubiri) iliwasifu waliouza nyumba na mali ili wahubiri muda uliobaki. Mnara wa Mlinzi lenyewe lilikiri mwaka 1980 kwamba maneno yaliyochapwa yalichangia watu kutarajia mwaka ule. Fundisho kwamba kizazi cha 1914 kingeuona mwisho lilibadilishwa 1995, na tangu 2010 wanaeleza kwamba kizazi hicho ni makundi mawili ya watu ambao maisha yao yalikutana kwa muda.

Yote hayo yamo katika maandishi yao. Kwa hiyo mzee akikuambia baba yake aliuza shamba kwa ajili ya 1975, usimwite mwongo. Ila ujue pia kwamba mdogo wako hafundishwi mwaka wowote wa mwisho. Anafundishwa kwamba Har–Magedoni i karibu, basi. Ukimwendea na 1975 atakuambia ndugu zake walisahihishwa na nuru iliyoongezeka, na mtaishia hapo.

Habari ya Frimasoni iache kabisa. Sehemu kubwa inatokana na piramidi. Russell alivutiwa na piramidi kubwa ya Giza, akahesabu vipimo vyake akidhani vinathibitisha tarehe zake, na baada ya kufa 1916 iliwekwa piramidi ya mawe kwenye makaburi alikozikwa. Rutherford aliyakataa mafundisho hayo waziwazi mwaka 1928. Hakuna ushahidi kwamba Russell alikuwa Frimasoni. Hali kadhalika wanaosema wazee wa kutaniko wanatajirika kwa sadaka: hawalipwi mshahara, na kwenye Jumba la Ufalme, mahali pao pa mikutano, hakipitishwi kikapu wala haidaiwi zaka. Kuna sanduku la michango. Ukiyabeba madai haya mbele ya mdogo wako utakuwa umempa sababu ya kuyakataa na yale ya kweli.

Kuna kosa jingine ambalo waliotoka hulifanya bila kudanganya: saa yao ilisimama siku waliyotoka. Aliyeondoka 2010 atakusimulia jinsi kila mhubiri alivyopeleka taarifa ya saa alizohubiri kila mwezi. Ilikuwa hivyo kweli, lakini tangu Novemba 2023 wahubiri wa kawaida hawaandiki saa tena. Ndevu nazo ziliruhusiwa Desemba mwaka huohuo. Muulize kila anayekusimulia: wewe ulitoka lini?

Sasa nije kwenye jambo ambalo ningependa mdogo wako alijue kama anavyolijua jina lake.

Ni adhabu ambayo Mashahidi waliiita kutengwa na ushirika, na tangu 2024 wanaiita kuondolewa kutanikoni. Mtu aliyebatizwa akifanya kosa linalohesabiwa zito, mathalani uzinzi, kuvuta sigara, kushiriki ibada ya dini nyingine au kufundisha kinyume cha mafundisho, wazee watatu au zaidi huketi naye. Wakiona hakutubu, tangazo la sentensi moja husomwa mkutanoni kwamba fulani si mmoja wa Mashahidi wa Yehova tena. Haielezwi sababu. Kuanzia hapo waumini wenzake hawapaswi kukaa naye wala kula naye, na wanategemea 1 Wakorintho 5:11, linalokataza hata kula na mtu wa namna hiyo. Anayeishi nyumba moja na jamaa zake, maisha ya nyumbani yanaendelea, isipokuwa ibada. Anayeishi kwake, mawasiliano hupunguzwa hadi mambo ya lazima ya familia. Na mwaka 1981 Mnara wa Mlinzi lilieleza kwamba anayejitenga mwenyewe kwa barua, hata kama hakufanya kosa lolote, atendewe vivyo hivyo.

Mtu aliyeonja sheria hiyo ni Raymond Franz. Hakuwa muumini wa pembeni. Alikaa kwenye Baraza Linaloongoza, kikundi kidogo kinachoamua mafundisho ya Mashahidi dunia nzima, tangu 1971 hadi 1980, na ndugu wa baba yake, Frederick Franz, alikuwa rais wa shirika. Raymond alipoanza kusitasita juu ya mafundisho aliombwa ajiuzulu. Akahamia Alabama kwa rafiki aliyempa kazi na mahali pa kuishi. Rafiki huyo akajitenga na ushirika kwa barua. Mwaka 1981, baada ya maelezo yale mapya kuchapwa, Raymond alionekana akila naye mgahawani, na kwa mlo huo akatengwa. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na kitu, na karibu maisha yake yote alikuwa ameyatoa kwa kazi ile. Kitabu alichoandika baadaye ni cha mtu mpole, kimejaa barua na nyaraka, na ndiyo maana wasomi wanakitumia.

Huko kwetu sheria hii ina sura yake. Namfahamu mwanamke mmoja, mji sitautaja, ambaye mama yake humpigia simu mara mbili tatu kwa mwaka kuhusu hati ya shamba la ukoo. Shamba ni jambo la lazima la familia, kwa hiyo mama ana ruhusa ya kupiga. Wanazungumza habari ya mipaka, ya afisa ardhi, ya saini inayokosekana, kabla ya kukata simu mama huuliza, “Na kifua chako?” Saini inayokosekana ni ya huyo binti. Amekaa na karatasi ile kwenye droo mwaka wa nne sasa. Aliniambia akiisaini, mama hatakuwa na sababu ya kupiga tena.

Nisiwaonee Mashahidi. Wao wanasema ni adhabu ya upendo, ya kumrudisha aliyepotea, na nimekutana na waliorudi ambao wanasema upweke ule ndio uliowaamsha. Mwaka 2024 walilegeza kidogo: muumini anaweza, kwa dhamiri yake, kumwalika aliyeondolewa aje mkutanoni na kumsalimia kwa kifupi akifika. Kukaa naye kwa maongezi bado hakuruhusiwi, na anayehesabiwa mwasi-imani hamo katika legezo hilo. Norway, serikali iliwanyima ruzuku ya dini kwa sababu ya desturi hii. Mahakama ya Oslo iliunga mkono serikali Machi 2024, na mahakama ya rufani ikawapa ushindi Mashahidi Machi 2025. Majaji wenyewe waligawanyika juu ya kama ni uhuru wa dini au ni shinikizo linalomfanya mtu asiweze kutoka. Mimi msimamo wangu nimeshaufikia. Mtu ambaye akibadili mawazo juu ya Mungu atampoteza mama yake, hana uhuru kamili wa kubadili mawazo.

Lakini sikiliza vizuri, maana hapa ndipo pana faida kwako: asiyebatizwa hatengwi kwa namna hiyo. Mdogo wako akiacha kujifunza kesho, waliomfundisha watasikitika, watamtembelea tena, na akiwakuta sokoni watamsalimia. Mlango unaobadilisha kila kitu ni ule wa maji. Waliobatizwa wakiwa na miaka kumi na miwili hawakuwa na mtu wa kuwaambia hivyo. Yeye ana miaka 26, na anaye wewe.

Kuna mambo mawili mengine ambayo waliotoka hawajayatia chumvi.

La kwanza ni watoto. Mashahidi hushika kanuni ya mashahidi wawili, kutoka Kumbukumbu la Torati 19:15 na 1 Timotheo 5:19: mtuhumiwa asipokiri, wazee hawamhukumu bila watu wawili walioshuhudia. Kwa kosa linalofanyika chumbani, shahidi wa pili hayupo. Tume ya Kifalme ya Australia ilipochunguza taasisi nyingi mwaka 2015 ilikuta katika mafaili ya Mashahidi nchini humo watuhumiwa 1,006 wa unyanyasaji wa watoto tangu 1950, na hakuna hata mmoja ambaye shirika lilimripoti polisi. Shirika linasema linauchukia uovu huo na kwamba wazee hufuata sheria za nchi. Taasisi nyingine za dini nazo zilikutwa na aibu yao mbele ya tume ileile, na kanisa la mama yako pia linapaswa kuulizwa kila siku linawalindaje watoto. Mdogo wako akipata watoto, ajue kwamba kesi ya namna hiyo inapelekwa polisi na dawati la jinsia kwanza. Haianzii kwa wazee.

La pili ni damu. Fundisho la kukataa kutiwa damu lilianza 1945, na tangu 1961 likawa kosa la kumtenga mtu. Vipande vidogo vinavyotolewa kwenye damu, kama albumini, vimeachwa kwa dhamiri ya kila mmoja, lakini chembe nyekundu, chembe nyeupe, chembe sahani na plazima haviruhusiwi. Aliyebatizwa hubeba kadi iliyosainiwa. Ni kweli kwamba msimamo wao umewasukuma madaktari wengi kujifunza upasuaji wa kumwaga damu kidogo, na hilo limewafaa hata wengine. Lakini hapa kwetu ndugu ndio wanaoitwa hospitali kutoa damu, na wewe utakuwa mmoja wa watakaoitwa. Mtu mzima mwenye akili timamu ana haki ya kuikataa. Nitaitetea haki hiyo. Kinachoninyima usingizi ni mtoto mdogo mwenye malaria, viganja vyeupe, damu imeshuka, na baba mwenye miaka 28 amesimama na fomu mkononi. Ni bora mdogo wako aifikirie fomu hiyo leo akiwa ameketi, ameshiba.

Na sasa, kwa nini alikataa kuishika simu? Amefundishwa kwamba waasi-imani ni kama sumu, kwamba kuwasikiliza ni kuhatarisha imani, na kwamba jamaa watajaribu kumzuia mara tu anapokaribia kubatizwa. Ulipomwonyesha video, ulitimiza alichotabiriwa. Usimwonyeshe nyingine. Mwambie binamu yenu naye apumzike.

Pia jaribu kuona anachokiona. Inawezekana ni mara ya kwanza maishani mtu amekuja nyumbani kwake kila wiki, kwa saa ileile, kukaa naye na kitabu. Nimewajua wanaume walioacha pombe na kupiga wake zao baada ya kujifunza na Mashahidi. Na watu hawa wana historia ya kusimama. Ujerumani ya Hitler iliwatia kambini na kuwashonea pembetatu ya zambarau kwa kukataa jeshi na salamu ya chama. Malawi ya Banda iliwapiga marufuku 1967, na 1972 maelfu kwa maelfu walikimbilia nchi jirani kwa sababu hawakukubali kununua kadi ya chama. Hapa Tanzania, wanafunzi waliofukuzwa shule kwa kutoimba wimbo wa taifa walishinda Mahakama ya Rufani mwaka 2013. Ukimwambia mdogo wako kwamba amejiunga na wajinga, atajua hujawajua.

Mwombe kitu kimoja kutoka kwenye dini yake mwenyewe: akuonyeshe maswali ya ubatizo. Siku ya kubatizwa anayebatizwa hujibu maswali mawili kwa sauti. La kwanza ni la kutubu na kujiweka wakfu kwa Yehova. La pili linauliza kama anaelewa kwamba ubatizo unamtambulisha kuwa mmoja wa Mashahidi wa Yehova akiwa katika ushirika na tengenezo la Yehova. Kaa naye kwenye lile la pili. Muulize, bila kupandisha sauti: siku ukiliona fundisho moja si sahihi, na ukalisema, nini kitatokea kati yako na rafiki zako wapya? Ukioa huko na mke akabaki na wewe ukatoka? Mama akifariki, mazishi yakiwa ya Kilutheri, utaingia kanisani au utasimama nje? (Hilo la mazishi wengi wao huachiwa dhamiri, na wengi huingia wakakaa kimya; lakini afadhali mama alijue akiwa hai.) Usimjibie. Mwache aende akaulize wazee, arudi na jibu. Majibu yao wenyewe yatamfundisha kuliko video mia.

Kisha mwombe asubiri. Usimwambie aache, asubiri mkusanyiko mmoja upite, aendelee kujifunza, abatizwe baadaye kama bado ndivyo anavyotaka. Hakuna andiko linalomtaka abatizwe mwaka huu. Wewe nawe, Jumamosi moja, kaa naye asome Mnara wa Mlinzi aya kwa aya mbele yako. Utajua zaidi kwa saa hiyo moja kuliko kwa kuhadithiwa.

Akibatizwa, kazi yako haijaisha. Karibu kila aliyetoka akasalimika niliyewahi kukaa naye alikuwa na mtu mmoja wa nje ambaye hakuacha kupiga simu: shangazi, mwalimu wa zamani, jirani. Ongea na mama mapema. Najua kwa mzee wa kanisa hili ni jeraha, na kwenye jeraha mtu husema “usikanyage hapa tena.” Neno hilo lisitoke, maana litamfunga mwanawe kule ndani kuliko tangazo lolote la wazee. Krismasi hatakuja, na keki ya siku yake ya kuzaliwa hatakata. Mwiteni tarehe 27, mpike pilau ileile, wala msimuulize kwa nini hakuja juzi.